Wanankhucha: jina la kibabe ambalo kwao halijulikani

Ukitaka kujua wazazi wa Korogwe wanadata na majina gani siku hizi, usihangaike na takwimu. Nenda stendi, simama pale bodaboda wanapopaki, inama usome madigadi. Hapo ndipo mshua kijana anapomwaga mapenzi yake kwa rangi nyekundu na njano: Ilham. Nayrah. Baba Precious. Tiffah. Ukimaliza geukia upande wa pili, soma mabango ya saluni na maduka ya madera: Mama Ibtisam, Mama Careen, Mama Nasreen. Kisha dandia gari la Handeni, kula lami mpaka Chanika mjini, shuka, soma tena. Majina ni yale yale. Wote tunatumia bando, wote tunachungulia kurasa zile zile.

Simdisi mtu. Kila kizazi kina wimbi lake. Bibi zetu wa pande hizi walikuwa Mwanahamisi, Mwanaidi, Mwantumu, Mwanamvua, Chausiku, Sikudhani, Tabu. Jina lilitoka kwenye siku uliyozaliwa, kwenye mvua iliyokuwa inashuka, au kwenye msala ulioikumba nyumba mwaka huo. Maza zetu wakaja na Zaina, Hadija na Rehema, na wale wa upande wa kanisani, pande za Kwa Mkono, Kideleko na Magila, wakabatizwa Agnes, Esther na Grace. Halafu runinga ikapenya mpaka vijijini na tamthilia za Kifilipino na Kimexico, tukaanza kusoma darasa moja na akina Angelina na Isabella. Agosti 2015 Diamond akapata binti, Latiffah, na Tiffah ikatoka Insta ikaingia kitaa.

Sasa kuna jina moja la kike ambalo ni la kwetu kabisa, la Uzigua, lenye stori nzito kuliko yote niliyoyataja, na sijawahi kuliona kwenye digadi hata moja. Sijalisikia likiitwa kliniki wakati wa kupima watoto uzito. Sijalisikia mahafali, wala kwenye tangazo la ndoa.

Wanankhucha.

Litamke taratibu usije ukalivunja. Ile nkh inatoka na pumzi, kama bibi wa Kizigua anavyosema nkhuku akiwafukuza kuku kwenye mtama alioanika. Nilipowarushia washkaji kijiweni, mmoja akadhani ni kijiji cha Kigoma, mwingine akasema huyo lazima ni mchezaji wa Malawi. Madogo wamezaliwa Handeni, wamekulia Handeni, wanatupia hata maneno mawili matatu ya Kizigua wakitaka kumpanga bibi awape hela ya vocha. Hakuna aliyelijua. Ndiyo maana nimekaa chini niwasanue.

Tuanze na njaa. Uzigua ya zamani ilikuwa kubwa: kutoka milima ya Nguu, kupita Handeni yote, mpaka pwani ya Saadani, na huku kaskazini inagonga mto Pangani, huu huu unaoupita ukiingia Korogwe. Miaka ya 1830 ukame ulikaza kinoma. Mahindi na mtama vikagoma. Ghala likiisha, mtu wa bara anafanya alichokuwa akifanya siku zote: anashuka pwani kuhemea. Na pwani ya wakati ule ilikuwa chini ya mabwana wa Zanzibar na Oman, biashara ya watu imepamba moto.

Wazee wa Kizigua walioko Somalia wamelisimulia hili kizazi hadi kizazi, na masimulizi yao yanakubaliana kwenye jambo moja linalouma: babu zao hawakukamatwa vitani. Waliahidiwa kazi na chakula. Wakapanda majahazi kwa miguu yao wenyewe, familia nzima nzima, wakijua wanaenda kuvusha msimu mbaya halafu warudi. Jahazi likaelekea kaskazini, likapita Mombasa, likapita Lamu, likaenda kutia nanga pwani ya Benadir, pande za Brava na Marka. Waliposhuka, wakauzwa.

Kaa na hiyo picha kidogo. Mtu ametoka kuhemea.

Kule bonde la mto Shebelle kulikuwa na mashamba makubwa ya ufuta, pamba na nafaka, na mazao yalikuwa yanapakiwa kwenda Zanzibar na Uarabuni. Mashamba yalitaka mikono. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya 1800 na 1890 watu 25,000 hadi 50,000 walipitishwa soko la Zanzibar kwenda pwani ya Wasomali. Soko lenyewe lilipigwa kufuli mwaka 1873, ila magendo yaliendelea. Walikuwemo Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo, Wazigua. Na watu wa Korogwe msikae pembeni mkadhani hii ni stori ya Handeni peke yake: mpaka leo kando ya mto Juba kuna watu wanaojiita Shanbara. Hao ni Wasambaa. Ni damu ya hiyo milima mnayoiona mkifungua dirisha.

Wazigua walikuwa na kitu ambacho wenzao wengi walikuwa wamenyang'anywa. Walifika wengi kwa wakati mmoja, wakubwa kwa wadogo, na lugha yao mdomoni. Mtoto anayeuzwa peke yake akiwa na miaka sita anasahau kwao haraka. Kundi la watu wazima wanaoimba pamoja jioni kwa lugha ambayo bwana shamba haielewi, hilo ni kundi linaloweza kupanga mchongo.

Na hapo ndipo anaingia bi mkubwa wetu.

Wanankhucha alikuwa mwonaji. Alisoma ishara, alitabiri, watu walimsikiliza. Kwenye jamii ya Kizigua hilo halikuwa jambo la ajabu. Wazigua, kama ndugu zao Wanguu, Wakaguru na Waluguru, kwa asili wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mwanamke mwenye busara alikuwa na kiti chake. Bwana shamba aliona kijakazi wa kuvuna ufuta. Wenzake walikuwa wanamwona kamanda.

Yeye ndiye aliyewaongoza kutoroka, miaka ya 1840. Nataka uelewe ukubwa wa hili. Huu haukuwa mchezo wa mtu mmoja kuruka ukuta usiku. Ni umati: wanaume, wanawake, vichanga mgongoni, vikongwe. Wote wanaondoka kwenye nchi ya ugenini, iliyojaa watu wenye ngamia na mikuki ambao wana haki, kwa sheria za wakati ule, ya kuwarudisha. Na mpango wao ulikuwa upi? Kurudi Uzigua kwa miguu. Chukua ramani, piga mstari kutoka Marka mpaka Handeni: ni kama kilometa 1,100 kwa mwendo wa ndege. Kwa mguu, ukikwepa vijiji na ukitafuta maji, ongeza unavyojua mwenyewe. Wao walijua kitu kimoja tu cha uhakika, kwamba kwao ni kusini.

Masimulizi yanaufunga mwendo huo na tetemeko la ardhi. Ardhi ilitikisika, na Wanankhucha akaisoma. Matoleo yanatofautiana kidogo kutegemea anayesimulia na kijiji anachotoka, kama ilivyo kwa stori yoyote iliyokaa mdomoni zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Wakatembea mpaka wakafika mto Juba. Hapo wakakaa.

Mahali walipokaa paliitwa Gosha, yaani msituni, na kulikuwa na sababu kwa nini palikuwa patupu. Mbung'o kibao, malaria, mamba kwenye maji. Mfugaji hawezi kuingiza ng'ombe humo, watamfia wote. Kwa mwenye mifugo pale ni kaburi. Kwa Mzigua, aliyezoea kufyeka pori na kulima kandokando ya mbung'o tangu kwao, pale ni kinga. Adui hafuati. Wakafyeka, wakapanda mahindi, wakajenga vijiji. Watoro wengine wakaanza kumiminika. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1900 inakadiriwa watu 35,000 waliokuwa watumwa walikuwa wameshaweka maskani kwenye bonde hilo.

Vitabu vikitaja viongozi wa Gosha, mara nyingi utakutana na wanaume. Nassib Bundo yupo, mtu mzito kweli kweli. Mkomwa Mwamadi yupo, Mzigua mwenzetu. Lakini mtafiti wa Kiitaliano Francesca Declich, aliyekaa kwenye vijiji hivyo miaka ya 1980, alichapisha mwaka 1995 makala inayoonyesha kwamba historia ya Juba unaipata tofauti ukimuuliza mwanamke na ukimuuliza mwanaume. Mimi hilo linaniingia kabisa. Kaa na babu yako, kisha kaa na bibi yako, waulize habari za mwaka mmoja, uone utapata miaka mingapi. Wanankhucha ameishi kwa sababu kuna watu, na nina hakika wengi wao ni akina mama wanaotwanga na kunyonyesha, walioona stori yake haipaswi kufa.

Miaka ile ile ya 1840, ng'ambo ya bahari, mwaka 1849, Harriet Tubman alitoroka utumwa Maryland, kisha akawa anarudi kuwachomoa wengine. Dunia nzima inamjua. Mwaka 2019 walimtolea filamu, na nimeona masista wa Korogwe wakiweka picha yake stetasi mwezi wa wanawake. Safi sana, Harriet ni wa moto. Ila dada yangu, wewe ni Mzigua. Una wa kwako, wa muongo ule ule, aliyefanya jambo la aina ile ile, na hujawahi kumweka hata stetasi moja.

Sasa jina lilirudije Handeni? Hapa ndipo mimi huwa nashindwa kutulia.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka na Somalia ikawaka moto. Watu wa Juba walikuwa wakulima, hawana bunduki, hawana koo kubwa za kuwalinda, na ghala zao zimejaa. Kila jeshi la kitaa lililopita liliwapora. Wakakimbia. Wengi waliishia Dadaab, Kenya. Lakini kundi jingine halikuishia hapo. Liliendelea kushuka kusini mpaka likaingia Tanzania, mpaka Tanga, mpaka Handeni. Walianzia kambi ya Mkuyu, baadaye wakapelekwa kwenye makazi ya Chogo, humu humu Handeni, wakapewa ardhi walime.

Safari iliyokwamia Juba miaka ya 1840 ilimaliziwa na vitukuu.

Na walipofungua mdomo, wakaongea Kizigua. Wenyeji walielewa. Sio neno moja moja la kuokoteza, ni mazungumzo. Lafudhi imepinda kidogo, maneno ya Kisomali yameingia humu na humu, lakini ni Kizigua chenyewe, cha mababu, kilichotunzwa na watu ambao nchi waliyokuwa wanaisema hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kuwapa uraia, kundi la watu kama 3,000, na miaka mingi ya ukimbizi ikafungwa kwa cheti. Waliobaki kambi za Kenya, Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwapokea takriban 12,000, na kuanzia 2003 wakaanza kutua kwenye miji kama Columbus, Ohio, na baadaye Lewiston, Maine. Kwa hiyo wakati unasoma hapa, kuna mtoto mahali penye theluji mpaka magotini anamwitikia mama yake kwa Kizigua.

Sasa unganisha mwenyewe. Sisi tuliobaki, wenye ardhi, wenye makaburi ya mababu, jina la Wanankhucha hatulijui. Waliobebwa, waliouzwa, waliovunjiwa kila kitu, ndio walilibeba. Kwa kweli isingewezekana tulijue, maana heshima yake aliipatia kule. Aliondoka hapa binti wa watu kama binti yeyote. Habari kwamba amekuwa nani ilichelewa miaka mia na hamsini kufika nyumbani, na ilipofika ilifika na wakimbizi wenye maturubai, na wengi wetu hatukuwauliza stori. Tuliwauliza kitambulisho.

Ndiyo sababu jina ni adimu hapa. Ila hata kwao siyo jina la kila nyumba. Uislamu ulishika sana Juba, kama ulivyoshika Handeni na nusu ya Korogwe, na siku ya saba mtoto akichinjiwa akika, kinachotajwa ni Fatuma, Halima, Khadija. Wanankhucha ni jina la simulizi, la kutajwa usiku watu wamekaa, kuliko jina la kuitwa dukani utume chumvi.

Nililipeleka suala hili kijiweni, Segera, pale njia ya Tanga inapoachana na ya Dar, tukiwa tunasubiri abiria na mahindi ya kuchoma mkononi. Mjadala ulikuwa mkali, na sitaficha kwamba upande wa pili una hoja.

Hoja ya kwanza: refu. Mtoto atachoka kuandika kabla mtihani haujaanza. Hii nakataa. Mwanahamisi ana herufi kumi na moja. Wanankhucha ana kumi na moja hizo hizo. Mnaogopa nini? Na kukatwa litakatwa tu, hakuna jina la kike Tanga ambalo halikatwi. Mwanahamisi anakuwa Misi, Mwanaidi anakuwa Mwanai. Huyu atakuwa Khucha. Sema Khucha kwa sauti. Hilo ni jina la mtu anayeingia darasani kila mtu anageuka.

Hoja ya pili ilitoka kwa dereva mmoja mwenye mabinti watatu, na ina uzito. Makarani. Ukienda kuandikisha cheti cha kuzaliwa, unatamka Wanankhucha, karani anaandika Wanakucha. Shuleni mwalimu anaandika Mwanakucha. Akifika kwenye kitambulisho cha NIDA ni Wanankuja. Miaka kumi na nane baadaye mtoto anaomba mkopo wa chuo na nyaraka tatu zina watu watatu. Yeye binti yake mkubwa, mwenye jina la kawaida kabisa lakini la herufi mbili zinazofanana, amezungushwa mpaka kwa wakili kula kiapo cha majina. Nauli, picha, ada, siku ya kazi imepotea. Nilimsikiliza nikamwelewa. Dawa yake ni ndogo lakini lazima uifanye mwenyewe: andika jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mpe karani, na kabla hujatoka dirishani soma cheti neno kwa neno. Usione aibu ya foleni. Jina la mwanao lina haki kuliko haraka ya aliyesimama nyuma yako.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuliza kijiwe. Mzee mmoja muuza kahawa, mwenye kofia yake safi, akasema: "Wanangu, huyo mama alikuwa mganga. Mwislamu anampaje mtoto jina la mwaguzi?" Mshkaji mmoja wa kilokole akamuunga mkono. Kimya.

Mimi nilimjibu mzee kwa heshima zote. Nikamwambia: shikamoo yako ipo pale pale, ila babu, angalia alichokifanya. Aliwatoa watu utumwani akawaonyesha mto. Kwenye dini zote mbili tulizonazo hapa, mtu aliyewatoa watu utumwani akawavusha jangwa tunamtaja kwa heshima kila wiki. Na kama nafsi bado inasita, kwetu mtoto kuwa na majina mawili si jambo geni. Kuna la akika au la ubatizo, na kuna la nyumbani. Aitwe Aisha msikitini, aitwe Wanankhucha uani kwa bibi. Ingawa mimi, nikisema ukweli wangu, ningependa liwe kwenye cheti, kwa wino, mahali ambapo hata yeye mwenyewe akikua atalazimika kuulizwa na watu, "Jina gani hili?", na atalazimika kusimulia. Mzee hakukubali. Alisema atafikiria, akanimiminia kikombe kingine.

Na kwa mwanamke wa Kitanzania jina la mtoto halikai kwa mtoto peke yake. Ukishajifungua wewe si Rehema tena, wewe ni Mama Fulani, sokoni, kwenye vikoba, kwenye simu ya mumeo. Mwanamke mkali wa Kigiriama aliyewasimamisha Waingereza pwani ya Kenya mwaka 1913 na 1914 alizaliwa Mnyazi. Dunia inamjua kwa jina la Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Mtoto ndiye aliyemvisha mama jina la historia. Malindi wamemjengea sanamu. Zimbabwe nao hawakucheza: Harare kuna hospitali ya wazazi inayoitwa Mbuya Nehanda, kwa heshima ya mwonaji aliyenyongwa na wakoloni mwaka 1898. Mwonaji, babu wa kahawa. Watoto wanazaliwa kila siku chini ya jina lake. Sisi wenyewe tuna Mkomanile, mama wa Kingoni aliyenyongwa Songea mwaka 1906 pamoja na wapiganaji wa Majimaji. Hao angalau wana kaburi, sanamu, ukurasa kwenye kitabu cha shule. Wanankhucha hana sanamu Handeni. Hana barabara, hana bweni la shule ya wasichana, hana hata bar. Kitu pekee ambacho mtu wa kawaida wa mfuko mdogo anaweza kumjengea ni mtoto.

Handeni yenyewe sasa ni nchi ya wageni na wenyeji. Tangu Juni 2022 wamekuja Wamaasai kutoka Ngorongoro, wako Msomera. Shule za msingi zina majina ambayo miaka kumi iliyopita mwalimu angehitaji kusaidiwa kuyasoma, na mwalimu amejifunza. Ameshika Nashipai, ameshika Naserian. Basi na la kwetu atalishika.

Kama nimekugusa, fanya hivi. Usiishie kwangu, mimi ni msimuliaji wa kijiweni. Mtu anayejua stori hii vizuri hayuko Ulaya wala kwenye maktaba ya chuo. Yuko Chogo, ni bibi wa watu, amekaa chini ya mwembe wake, na Kizigua chake kina maneno ambayo bibi yako wa Chanika ameshaanza kuyasahau. Panda bodaboda. Beba sukari na majani ya chai, maana huendi kwa mkubwa mikono mitupu. Amkia vizuri. Muulize Wanankhucha alikuwa nani, alitoka ukoo gani, walipita wapi, waliimba nini, kisha nyamaza na uache simu irekodi. Usimkatishe. Wale waliokuja wakubwa kutoka Juba wanapungua kila mwaka, na wajukuu zao wa Chogo nao wameshaanza kuandika Ilham kwenye madigadi.

Wiki hiyo hiyo ya mjadala wa Segera, dada mmoja anayeuza chipsi Mkata, ana mimba ya miezi saba na kliniki wamemwambia ni wa kike, alinisimamisha. Alikuwa ameisikia stori kwa mumewe, yule mshkaji aliyedhani ni mchezaji wa Malawi. Akaniomba nimwandikie jina. Nikaandika kwenye karatasi ya kufungia chipsi, kwa herufi kubwa, nikamkazia hasa ile N kabla ya KH. Akalisoma, akalirudia, akaniuliza kama Khucha likiitwa kwa sauti mtoto akiwa mbali linasikika. Nikamwambia ajaribu. Akageukia barabara ya lami, akaliita kwa nguvu zote, na konda wa basi la Tanga akachungulia mlangoni akidhani ameitwa.

Mume anataka Ilham. Bado wanabishana, na dada anaongoza.